Kuvua Samaki pamoja na Watoto katika Meru na Embu

Wazee wa Meru na Embu hawakuwa wala samaki. Mtu aliyelelewa kwa njahi, viazi vikuu na nyama ya mbuzi alimhesabu samaki kuwa jamaa ya nyoka, wala hakukubali sufuria yake inuke kwa ajili yake. Kwa hiyo ni jambo la kupendeza kuona baba akienda majini na wanawe wakati wa likizo, kila mmoja na ufito na mshipi wake.

Samaki mashuhuri wa mlimani, trauti, ni mgeni. Katika mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai yake kutoka Loch Leven, Uskoti, nayo yakatiwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua. Baadaye samaki hao walienezwa katika mito ya Mlima Kenya, na katika mwaka 1948 kituo cha kuwatotoa kikawekwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Zamani hizo mchezo huo ulikuwa hasa wa Wazungu. Mwafrika aliyefika penye trauti mara nyingi alikuwa amebeba mizigo ya mwingine.

Sasa familia yenye gari imara yaweza kupanda kutoka Chogoria, ambayo zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Meru, ikapita lango la hifadhi hata Ziwa Ellis, zaidi ya mita 3,400 juu ya bahari. Kiingilio na hati ya kuvua hulipiwa. Wakati wa mvua njia huwa tope tupu, na afadhali safari iahirishwe. Baridi ni kali, na hewa ni nyepesi. Mtoto akilalamika kichwa na kutapika, asiambiwe avumilie mpaka samaki apatikane. Ateremshwe mara moja.

Upande wa Embu mambo ni mengine kabisa. Mto Tana ulizuiwa Kamburu katika mwaka 1974 na Masinga katika mwaka 1981, na maji hayo ya joto yana perege na kambare. Yana mamba na viboko pia. Utulivu wake huwadanganya wageni: mtoto huchutama ukingoni kuosha mikono, na mamba hana haja ya zaidi ya hapo. Watoto wakae mbali na ukingo, mtu mzima ndiye amtoe samaki majini, na wote waondoke kabla ya jioni, maana ndipo viboko hutoka kwenda malishoni.

Kwa wenye watoto wadogo, bwawa la jirani lafaa kuliko ziwa lolote. Katika mwaka 2009 Serikali ilianza kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140, na wakulima wengi wa Meru walijifunza hapo kufuga perege. Mwenye bwawa akiombwa vizuri na kulipwa samaki wake, hakatai. Lakini hata huko mtoto asiachwe peke yake, kwa kuwa kingo za udongo huteleza.

Jioni, samaki wafikapo nyumbani, ndipo shauri kubwa huanza. Nyanya huuliza watapikwa katika sufuria gani. Nyumba nyingi zimekata shauri hilo kwa kununua kikaango cha samaki peke yake, nacho hutundikwa nje ya jiko.