Pikipiki Moja, Kazi Mbili: Mzigo Uvuliwe Kabla Mtu Hajapanda

Katika wilaya za Masasi na Newala, pikipiki imekuwa kama punda wa nyumba. Asubuhi hupakiwa madumu ya maji au gunia la korosho. Jioni humchukua mama na mwanawe kwenda zahanati. Chombo ni kimoja na kazi ni mbili, na hatari huzuka kazi hizo zinapochanganywa: mtu akaketishwa juu ya gunia, au gunia likafungwa nyuma ya mtu.

Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Dumu la lita 20 za maji lina kilo 20. Madumu manne ni kilo 80, sawa na mtu mzima. Uzito huo ukiwekwa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi, na usukani hautii. Katika tambarare za Masasi mwendeshaji aweza asitambue. Lakini akianza kupanda kwenda Newala, mji ulio ukingoni mwa uwanda wa juu ukilitazama bonde la Ruvuma, ndipo atakapojua.

Wazee walimtandika punda shogi, mzigo ukalingana pande mbili, na kazi ilipokwisha shogi likavuliwa. Pikipiki nayo yataka vivyo hivyo. Fundi na atengeneze fremu mbili za pembeni, zifungwazo kwa bolti na nati, wala asizichomelee kwenye chesisi, kwani moto huweza kukidhoofisha chuma. Mzigo ukae chini, karibu na mwendeshaji, mbali na bomba la moshi, wala usiifiche taa ya nyuma.

Apandapo mtu wa pili, fremu zivuliwe, naye apate kiti chake na mahali pa kukanyaga. Springi za nyuma zikazwe kwa pete zake, matairi yajazwe upepo kwa kipimo cha kiwanda cha watu wawili, na mnyororo utazamwe. Mwendeshaji arudipo peke yake, springi zilegezwe tena, ili pikipiki isirukeruke barabarani.

Jambo moja lawahusu hasa akina mama. Ncha ya kanga au buibui ikinaswa na gurudumu, humwangusha aliyeivaa kwa ghafula. Sheria ya India huagiza pikipiki ya abiria iwe na kizuizi cha nguo, kifunikacho si chini ya nusu ya gurudumu la nyuma. Nazo pikipiki nyingi tuzitumiazo zatoka huko. Basi mwenye chombo asikubali king'olewe kwa ajili ya mzigo. Fremu ndiyo ibadilishwe.

Wako watakaosema kwamba kufungua bolti kwa spana kila mara ni kupoteza wakati. Lakini gunia la korosho likimwagika huokotwa, na likipotea hulipwa. Abiria ni amana, na amana hurudishwa kama ilivyopokewa.