Nyayo za Wafaransa katika Bandari ya Unguja

Wengi hudhani kwamba habari za Unguja ni habari za Waarabu, Wahindi na Waingereza tu. Leo twapenda kuonyesha kwamba Wafaransa nao waliacha nyayo zao katika mji na katika bahari yetu, na kwamba nyayo hizo si za namna moja: nyingine ni za faida, nyingine ni za majonzi.

Na tuanze baharini, maana ndiko walikotokea. Msafiri atokaye kusini hupita kisiwa cha Chumbe, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Akikaribia mji huona visiwa vya Bawe, Changuu na Chapwani. Hicho Chapwani Wazungu wa zamani walikiita Kisiwa cha Wafaransa, na ndani yake mna makaburi ya mabaharia. Kisha akiutazama mji, juu ya mapaa ya nyumba za mawe huona minara ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili.

Je, Wafaransa walifuata nini huku? Hawakufuata karafuu, kwani wakati ule Unguja haikuwa na karafuu hata konzi moja. Walifuata watu. Katika karne ya 18 walikuwa na mashamba makubwa katika visiwa vya Île de France na Bourbon, ambavyo leo huitwa Mauritius na Réunion, nao walitaka mikono ya kuyalima. Mwaka 1776 nahodha mmoja Mfaransa, jina lake Morice, alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka.

Lakini kutoka visiwa vile vile ilikuja neema ya Unguja. Zamani Waholanzi walizilinda karafuu za visiwa vya Maluku kwa wivu mkubwa, wasitake mtu mwingine apate hata mche. Mwaka 1770 Pierre Poivre, aliyesimamia mambo ya Île de France, alituma merikebu zikaileta miche hiyo kwa siri. Mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikavuka bahari kuja Unguja. Masimulizi humtaja Saleh bin Haramil kuwa ndiye aliyeileta, ikapandwa Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said akaona faida yake, akawahimiza wenye mashamba waipande kwa wingi.

Hapa hatuna budi kufikiri. Karafuu ni tumba la ua, nalo lazima lichumwe kwa mkono kabla halijafunguka. Kisha huchambuliwa makonyo na kuanikwa juani juu ya majamvi. Kazi hiyo yahitaji watu wengi kwa wakati mmoja. Basi mti uliotajirisha kisiwa ndio uliozidisha utumwa. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini ile ya Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ikaongoza. Mwaka uliofuata Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa, na biashara hiyo ikawa ya magendo.

Katika magendo hayo bendera ya Ufaransa ilitumiwa vibaya. Ufaransa ilikwisha kufuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1848, lakini haikukubali manowari za Kiingereza zipekue vyombo vyenye bendera yake. Manahodha wengine Waarabu, hasa wa Sur, walipata hati na bendera hiyo, wakaifanya ngao. Desemba 1881, karibu na Pemba, Kapteni Brownrigg wa manowari *London* alilikaribia jahazi lenye bendera ya Ufaransa ili aangalie hati zake. Lilikuwa limechukua watumwa. Watu wake wakampiga risasi akafa, pamoja na baadhi ya mabaharia wake. Ugomvi wa bendera hizo ulikwisha mwaka 1905, mahakama ya The Hague ilipoamua kwamba baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa bendera yake raia wa Sultani wa Maskati, ila wale waliokuwa chini ya ulinzi wake kabla ya mwaka 1863.

Hata hivyo, si haki kuwahukumu Wafaransa wote kwa bendera hiyo. Mwaka 1860 mapadre na masista walikuja kutoka Réunion, wakiongozwa na Padre Fava, wakafungua hospitali na karakana mjini. Baadaye Mapadre wa Roho Mtakatifu walishika kazi hiyo, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kanisa la Minara Miwili lilijengwa katika miaka ya 1890. Na mwaka 1897 utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria katika Unguja na Pemba.

Tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Lakini urithi si mawe tu. Kijana apitaye chini ya minara ile, au anukaye harufu ya karafuu zilizoanikwa, yafaa aulize: kitu hiki kilitoka wapi, nani alikipatia faida, na nani alikilipia kwa jasho lake? Mwenye kuuliza hivyo huujua mji wake kuliko mgeni aliyekuja kuupiga picha.