Gari Dogo Lenye Nguvu au Gari la Paa la Kukunja? Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Dodoma ilipewa hadhi ya Jiji mwaka 2018, na tangu Serikali ihamishie shughuli zake hapa umbali kati ya nyumba na kazi umeongezeka. Mtu anayeishi Nala au Nkuhungu na kufanya kazi katika Mji wa Serikali wa Mtumba huvuka jiji zima mara mbili kwa siku. Wengi hununua gari la kawaida na kuridhika nalo. Wapo wengine ambao, wakishajiwekea akiba au kupata mkopo wa mshahara, hutamani gari linalofurahisha kuendesha. Hao hujikuta wakichagua kati ya gari dogo la familia lililoongezewa nguvu na gari la michezo la viti viwili ambalo paa lake hukunjwa.

Kutaka gari la kufurahisha si kosa, na makala haya hayakuandikwa ili kumkataza mtu. Tunachotaka ni mnunuzi ajue kwamba bei iliyobandikwa kwenye kioo cha gari yadini ni mwanzo tu wa gharama, na kwamba magari haya mawili hutofautiana zaidi baada ya kununuliwa kuliko siku ya kununuliwa.

Magari tunayoyazungumzia

Katika kundi la kwanza yamo magari mafupi ambayo mlango wa buti hufunguka pamoja na kioo cha nyuma. Mifano ni Toyota Vitz RS ya cc 1,500, Suzuki Swift Sport, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na injini ya cc 1,600, na Volkswagen Golf GTI ya cc 2,000 yenye tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini.

Katika kundi la pili yamo Mazda Roadster, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989 na ambayo nje ya Japani hujulikana kama MX-5. Toyota MR-S, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007. Na Daihatsu Copen, yenye injini ya cc 660, ambayo toleo lake la kwanza lina paa la bati linalokunjwa kwa mota za umeme.

Jua, vumbi na mvua

Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ya jua, upepo na vumbi. Hali hii humwelemea zaidi mwenye gari la paa la kitambaa. Jua hukausha kitambaa na mishono yake. Roadster za toleo la kwanza zina dirisha la nyuma la plastiki, ambalo hubadilika rangi na kufifia hadi dereva asione vizuri nyuma yake; toleo la pili, lililoanza mwaka 1998, lina kioo halisi. Fundi wa kushona viti anaweza kuziba tundu dogo, lakini paa zima huhitaji kuagizwa.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni mifereji ya maji. Maji yanayoshuka pembeni mwa paa la kitambaa la Roadster huingia katika matundu madogo yaliyo nyuma ya milango, hupita ndani ya bodi na kutokea chini. Vumbi na majani yakikusanyika humo wakati wa kiangazi hushikamana na kuziba njia. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji hukosa pa kutokea, yakalowanisha sakafu na kutuama ndani ya vizingiti vya milango. Kutu huanzia ndani, na huonekana nje ikiwa imeshakula bati.

Kwa hiyo gari lililokaguliwa Agosti bado halijakutana na mvua ya Dodoma. Tunamshauri mnunuzi aombe ruhusa ya kumimina ndoo moja ya maji polepole pembeni mwa paa, aangalie kama maji yanatoka chini ya gari, kisha ainue zulia na kupapasa sakafu kwa mkono. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kutoa jibu.

Gari dogo lenye paa la kudumu halina tatizo hilo, ingawa nalo huathiriwa na vumbi. Kagua mpira unaoziba mlango wa buti na filta ya hewa ya injini. Filta iliyojaa vumbi huonyesha namna gari lilivyotunzwa.

Nguvu ya injini na barabara zetu

Matangazo husifu nguvu za farasi, lakini takwimu hizo hupimwa kwa hali ya hewa ya karibu na usawa wa bahari. Katika mwinuko wa Dodoma hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake. Kiasi ambacho injini yenye tabo hupoteza hutegemea ilivyotengenezwa, ila kwa kawaida huhimili mwinuko vizuri kuliko isiyo nayo.

Hata hivyo, jiulize nguvu hiyo utaitumia wapi. Barabara ya kwenda Morogoro hupita Chamwino, Mbande, Kibaigwa, Pandambili na Gairo, na katika maeneo ya makazi yenye alama mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Nje ya makazi dereva hufuatana na malori. Na mtu anayewaza gari hasa kwa ajili ya safari za Dar es Salaam alinganishe kwanza gharama hizo na nauli ya treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024.

Jambo lenye uzito zaidi ni kimo cha gari. Mitaa mingi mipya ya jiji ina barabara za udongo, na barabara za lami zina matuta. Magari ya michezo hukaa chini, na magari madogo yenye nguvu mara nyingi huwa na rimu kubwa na tairi nyembamba ambazo huumia haraka kwenye mashimo. Kabla ya kulipa, lipitishe gari kwenye njia ya kwenda nyumbani kwako, likiwa na abiria.

Spea na mafundi

Hapa ndipo magari haya yanapotofautiana zaidi. Injini ya Vitz RS ya cc 1,500 ni ya aina ileile, 1NZ, inayopatikana katika IST ya cc 1,500, Raum na Probox. Fundi wa mtaani anaifahamu na spea zake hazina shida. Hilo haliwezi kusemwa juu ya Golf GTI, ambayo huhitaji kompyuta ya kusomea hitilafu, na ambayo giaboksi yake ya klachi mbili yenye gia sita huhitaji kubadilishwa oili kila kilomita 60,000. Gari kuwa dogo si lazima liwe rahisi kulitunza.

Kwa upande wa magari ya paa la kukunja, injini si lazima iwe tatizo. MR-S hutumia injini ya 1ZZ, ambayo pia imo katika Wish na Premio za cc 1,800. Tatizo ni vile visivyofanana na gari jingine lolote: paa, vioo, taa, bampa na milango. Aidha, injini ya MR-S imewekwa nyuma ya viti, hivyo baadhi ya kazi humchukua fundi muda mrefu. Roadster za matoleo mawili ya kwanza hutumia mkanda wa kuendesha vali za injini badala ya cheni. Uliza ulibadilishwa lini, na kama hakuna uthibitisho, hesabu gharama ya kuubadilisha kuwa sehemu ya bei.

Tunashauri zoezi moja rahisi. Kabla ya kukubaliana bei, piga simu katika maduka matatu ya spea na uulize bei na siku za kusubiri za vitu vitano: klachi, shokapu, pedi za breki, taa ya mbele na bampa. Kwa gari la paa la kukunja ongeza cha sita, paa lenyewe. Andika majibu. Karatasi hiyo itakuonyesha gharama halisi kuliko maelezo ya dalali.

Kodi kwa anayeagiza nje

Kwa viwango vilivyotumika kwa miaka kadhaa, gari lililotumika hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Ushuru wa bidhaa hufuata ukubwa wa injini: hakuna kwa injini isiyozidi cc 1,000, asilimia 5 hadi cc 2,000, na asilimia 10 kwa zaidi ya hapo. Gari la abiria lenye umri wa zaidi ya miaka 10 huongezewa asilimia 30.

Chukua mfano wa gari la cc 1,500 ambalo thamani yake pamoja na usafiri na bima ya safari ni shilingi 10,000,000. Likiwa na umri wa zaidi ya miaka 10, kodi hizo hufikia takriban shilingi 9,900,000. Gari kama hilo ambalo halijafikia umri wa kuongezewa ushuru lingetozwa takriban shilingi 5,500,000. Bado hujahesabu tozo ndogondogo, gharama za bandari na usajili. Kwa kuwa Vitz RS ya cc 1,500 na MR-S ya cc 1,800 zimo katika daraja moja la injini, kinachotofautisha kodi ni umri na thamani inayokadiriwa. MR-S zote zimepita miaka 10.

Viwango hivi vinaweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha kila mwaka, na Mamlaka ya Mapato Tanzania hutumia makadirio yake ya thamani. Tumia kikokotoo kilicho katika tovuti ya Mamlaka hiyo kabla ya kutuma fedha nje.

Bima na abiria

Bima ndogo hulipa madhara unayowasababishia wengine tu. Gari lako hulilipii kwa bima hiyo. Kwa gari ambalo taa moja huagizwa nje, bima kubwa ni ya kufikiriwa kwa uzito. Uliza kwa maandishi kama bima inagusa paa lililochanwa na vitu vilivyoibwa ndani. Kisha hakiki bima uliyopewa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Gari la viti viwili hubeba watu wawili. Mzazi mwenye watoto wawili hawezi kulifanya kuwa gari pekee la nyumbani. Na kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Kwa gari lililotoka Japani, omba karatasi ya mnada na cheti cha kuondoshwa nchini humo. Daraja la R katika karatasi ya mnada humaanisha gari limewahi kutengenezwa baada ya ajali. Linganisha kilomita zilizoandikwa katika nyaraka hizo na zinazosomeka kwenye dashibodi, na namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi ya gari.

Gari dogo lenye nguvu kagua kama limechezewa: springi zilizokatwa, ekzosi iliyobadilishwa, au kompyuta ya injini iliyorekebishwa. Liwashe likiwa la baridi na uangalie rangi ya moshi. Moshi wa bluu ni dalili kwamba injini inachoma oili. Soma tarakimu nne za mwisho za tarehe kwenye tairi: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Ukinunua mkononi, hakiki faini za barabarani kwa namba ya gari katika mfumo wa Jeshi la Polisi, na usikamilishe malipo kabla ya taratibu za kuhamisha umiliki kuanza.

Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa anazouza. Ili sheria ikusaidie unahitaji ushahidi. Mwombe muuzaji aandike kilomita, mwaka wa kutengenezwa na historia ya ajali katika mkataba, na uhifadhi tangazo na ujumbe wa simu. Hitilafu ikijitokeza, mwandikie muuzaji kwanza. Asipokujibu, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani. Ukinunua kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara, ulinzi huo hupungua sana, na ukaguzi wako mwenyewe ndio kinga.

Uamuzi

Kama gari litakuwa la pekee nyumbani, tunashauri gari dogo lenye nguvu ambalo injini yake ni ya kawaida nchini. Gari la paa la kukunja linamfaa mwenye gari jingine la kazi, mahali penye kivuli pa kuliegesha, fundi anayelifahamu, na fedha zilizobaki baada ya kulinunua. Asiye na fedha hizo asilinunue mwaka huu. Akiba yote ikiishia kwenye bei, gari litasimama nje ya nyumba likisubiri spea huku marejesho ya mkopo yakiendelea kukatwa kila mwezi.