Mpunga, Mchele na Wali

Watu wengi hudhani kuwa kufasiri ni kubadili neno kwa neno. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka likizo iliyopita nilipojaribu kufasiri kwa kamusi manga, yaani hadithi ya picha ya Kijapani, yenye habari za ulimwengu wa kubuniwa. Nilikuta neno asagohan. Asa ni asubuhi, gohan ni wali. Basi nikaandika "wali wa asubuhi". Wenzangu bwenini walinicheka sana, kwani pichani watu wale walikuwa wakila mkate!

Wajapani wana maneno matatu kama sisi: ine ni mpunga, kome ni mchele, gohan ni wali. Lakini gohan ni chakula chochote pia, maana kwao wali ndio chakula hasa. Meshi ni vivyo hivyo. Katika Dungeon Meshi ya Ryoko Kui (2014–2023) watu hupika mazimwi; hapo meshi ni chakula, si wali.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mfasiri na aitazame sahani kwanza, kisha kamusi. Daftari langu nimekwisha kulisahihisha: "chamshakinywa".