Joto la Ziada la Nyota Vega

Katikati ya Agosti, kama saa tatu usiku, mtu aliye popote kati ya Mombasa na Mbeya akielekea kaskazini ataiona Vega: nyota nyeupe, yenye kung'aa sana, iliyo umbali wa miaka ya nuru 25. Kwa kuwa mwanga wake ulifahamika vizuri, wanaastronomia waliifanya kipimo cha kulinganishia nyota nyingine.

Mwaka 1983 ilitakiwa ifanye kazi hiyo hiyo kwa setilaiti ya IRAS, iliyorushwa Januari mwaka huo na Marekani, Uholanzi na Uingereza. Watafiti wawili, George Aumann na Fred Gillett, waliitumia kusahihisha vipimo, lakini hesabu zikakataa. Kwenye mawimbi marefu ya infraredi, mionzi isiyoonekana kwa macho, Vega ilitoa nishati nyingi kuliko nyota tupu ya aina yake inavyoweza kutoa. Kifaa hakikuwa na hitilafu. Ziada ile ilitoka kwenye vumbi linaloizunguka, tena vumbi lenye baridi ya takriban nyuzi 188 chini ya sifuri.

Kitu cha baridi hivyo kinatoaje mionzi? Kila kitu hutoa, hata barafu. Kadiri kinavyopoa ndivyo mionzi inavyopungua na mawimbi yake kurefuka. Mwili wa binadamu unatoa infraredi muda wote, na ndiyo inayosomwa na kile kipimajoto kinachoelekezwa kwenye paji la uso. Mwanaastronomia William Herschel aliigundua infraredi mwaka 1800, alipoweka vipimajoto kwenye rangi za mwanga wa jua uliopita katika mche wa kioo. Kile alichokiweka nje ya nyekundu, pasipo mwanga wowote wa kuonekana, kilipanda kuliko vingine.

Tatizo ni kwamba darubini nayo inatoa joto. Kutafuta vumbi la Vega kwa darubini yenye uvuguvugu ni kumtafuta kimulimuli saa sita mchana. Ndiyo maana IRAS ilipozwa kwa heliamu ya kimiminika, na heliamu hiyo ilipokwisha Novemba 1983, kazi ikaisha. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, imewekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nyuma ya ngao ya tabaka tano yenye ukubwa wa uwanja wa tenisi. Kifaa chake kimoja hufanya kazi kwenye nyuzi 266 chini ya sifuri.

Turudi kwenye vumbi, maana hapo ndipo penye uzito. Chembechembe ndogo hazidumu kuizunguka nyota: mwanga huzisukuma nje au huzifanya zianguke ndani. Zikionekana bado zipo, basi kuna mawe makubwa yanayogongana na kusagika. Mwaka 1983 hakuna sayari hata moja iliyokuwa imethibitishwa nje ya mfumo wetu wa jua, na tayari vumbi lilishaonyesha kwamba malighafi ya sayari iko kwingineko. Baadaye sayari zenyewe zilipatikana. Mwaka 2017 darubini ya Spitzer ilisaidia kutambua sayari saba za nyota TRAPPIST-1, na mwaka 2023 Webb ikapima ile ya ndani kabisa ikakuta upande wake wa mchana una nyuzi zipatazo 230, dalili kwamba haina angahewa ya maana. Ajabu ni Vega: picha za Webb zilizotolewa Novemba 2024 zilionyesha sahani ya vumbi iliyo laini, bila dalili ya sayari kubwa, ilhali nyota Fomalhaut, inayofanana nayo, ina mikanda mitatu.

Kwenye galaksi, vumbi hilo hilo hufunika nyota changa, likapashwa joto nazo na kuitoa nishati hiyo kama infraredi. Galaksi ya Arp 220 hutoa karibu nishati yake yote kwa njia hiyo. Galaksi za mbali kabisa zina sababu nyingine ya kuonekana kwa infraredi: ulimwengu unapanuka, na mwanga wao umenyooshwa hadi ukawa mawimbi marefu yasiyoonekana kwa macho. Mwaka 2024 ilitangazwa galaksi ya JADES-GS-z14-0, tunayoiona ilivyokuwa chini ya miaka milioni 300 baada ya mlipuko mkuu ulioanzisha ulimwengu. Inang'aa kupita walivyotarajia wananadharia, na sasa wanalazimika kueleza nyota nyingi kiasi hicho zilipata wapi muda wa kuzaliwa.