Mpira wa wavu: Jinsi ya kuchagua mpira wa bei nafuu utakaodumu kwenye uwanja wa vumbi

Timu ya mpira wa wavu haihitaji vifaa vingi: wavu, nguzo mbili, kamba ya mistari na mpira. Kati ya hivyo vyote, mpira ndio unaokwisha mapema, na mara nyingi ndio unaonunuliwa kwa haraka bila kukaguliwa.

Kwa timu ya kijiji au ya shule huku Maneromango, wilayani Kisarawe, mpira mbovu ni hasara mara mbili. Michango ya wachezaji au wazazi inapotea, kisha nauli ya kwenda Kariakoo kupitia Kisarawe mjini, Pugu na Gongo la Mboto inalipwa upya. Wakati huo mazoezi yamesimama. Kama ni kipindi cha kujiandaa na UMITASHUMTA au UMISSETA, siku hizo hazirudi.

Katika makala haya tunaangalia mambo ya kukagua dukani kabla ya kulipa, na yale yanayoua mpira ukishafika nyumbani.

Anza na vipimo

Suala la mpira upi unafaa lina umri sawa na mchezo wenyewe. Mwaka 1895, William G. Morgan, aliyekuwa mwalimu wa michezo wa YMCA mjini Holyoke, Marekani, alipobuni mchezo huu alijaribu mpira wa kikapu, akaona ni mzito mno kwa mikono. Akajaribu bleda yake peke yake, ikawa nyepesi mno na haina mwendo. Ikabidi aiombe kampuni ya A.G. Spalding itengeneze mpira maalumu.

Leo sheria za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Wavu, FIVB, zinataka mpira wa ndani ya ukumbi uwe na mzunguko wa sentimita 65 hadi 67 na uzito wa gramu 260 hadi 280. Wa ufukweni una uzito huohuo, ila mzunguko wake ni sentimita 66 hadi 68.

Vipimo hivi unaweza kuvihakikisha mwenyewe. Nenda na utepe wa fundi cherehani, zungushia mpira katikati ukiwa umejaa upepo, kisha rudia upande mwingine. Vipimo viwili vikitofautiana sana, mpira huo si duara. Halafu omba uwekwe kwenye mizani ya duka. Mpira wa gramu 330 utawaumiza wachezaji mikono hata kama una rangi nzuri. Kwa watoto wa shule ya msingi wanaoanza, ipo mipira myepesi zaidi, ya gramu 200 hadi 230 hivi, ambayo haiwaogopeshi kupokea.

Ngozi ya nje: PU au PVC

Mipira mingi ya siku hizi haina ngozi ya mnyama. Imevikwa plastiki ya aina mbili, na herufi zake huandikwa kwenye boksi au kwenye mpira wenyewe.

PVC ni ya bei ya chini. Ni ngumu, inateleza mikono ikiwa na jasho, na ikipigwa na jua kwa muda hukakamaa na kupasuka. PU ni laini zaidi, inashikika vizuri na huvumilia kwa muda mrefu, ila bei yake iko juu. Kama maandishi hayapo, bonyeza kwa kidole: PU huingia kidogo na kurudi polepole, wakati PVC ya bei rahisi huhisi kama ndoo ya plastiki.

Kushonwa au kubandikwa

Hapa ndipo uwanja wako unapoamua. Mipira ya ukumbini kwa kawaida vipande vyake hubandikwa kwa gundi. Huruka vizuri na hutua kwa usawa, lakini imekusudiwa sakafu laini. Kwenye udongo wenye changarawe kingo za vipande huanza kubanduka, vumbi likaingia chini yake, na baada ya hapo gundi haishiki tena.

Mipira ya nje na ya ufukweni mingi hushonwa kwa uzi. Uzi huvumilia mchanga na unyevu vizuri zaidi, na faida kubwa kwetu ni kwamba mshono ukifumuka, fundi viatu anaweza kuurudishia kwa uzi wa nailoni. Hakikisha tu upepo umetolewa kwanza ili sindano yake isitoboe bleda.

Kwa timu inayochezea uwanja wa wazi, mpira wa PU uliosonwa kwa mashine ndio unaotoa thamani kubwa zaidi ya fedha. Timu inayoandaliwa kwa mashindano ya ukumbini inahitaji angalau mpira mmoja wa kubandikwa ili wachezaji wauzoee, lakini huo uwekwe akiba na usitumike kila siku.

Bleda na tundu la upepo

Bleda za mipira hutengenezwa kwa mpira wa aina ya lateksi au butili. Lateksi inadunda vizuri lakini hupoteza upepo haraka, pengine kila baada ya siku chache. Butili hukaa na upepo kwa muda mrefu. Mahali ambapo pampu moja inatumiwa na timu kadhaa, chagua butili.

Dukani, omba mpira ujazwe, kisha paka mate au maji ya sabuni kwenye tundu la upepo. Yakitoa mapovu, uache. Halafu urushe juu huku ukiuzungusha: ukiyumbayumba hewani, bleda haijakaa sawa.

Usinunue jina

Tangu mwaka 2019 mashindano ya FIVB ya ukumbini yanatumia Mikasa V200W. Ni mpira mzuri, lakini umetengenezwa kwa ajili ya sakafu ya ukumbi, na kuupeleka kwenye changarawe ni kuuchosha bure. Isitoshe, jina kubwa lililochapwa juu ya mpira wa bei ya kutupa si ushahidi wa chochote. Amini utepe, mizani na kidole chako.

Piga hesabu kwa mwezi

Chukua mfano wa kukadiria tu. Mpira wa shilingi 15,000 ukidumu miezi 2, umelipa 7,500 kila mwezi, na kwa mwaka utanunua mipira 6, yaani shilingi 90,000 bila nauli. Mpira wa shilingi 45,000 ukidumu miezi 12, umelipa 3,750 kwa mwezi. Wa bei ya juu ndio uliokuwa rahisi. Hesabu hii ipelekeni kwenye kikao cha timu kabla ya kuchanga.

Kinachoua mpira haraka

Hata mpira mzuri hufa mapema kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni upepo kupita kiasi. Mpira wa wavu wa ukumbini unatakiwa kuwa na psi 4.26 hadi 4.61, na wa ufukweni ni chini zaidi, takriban psi 2.5 hadi 3.2. Mpira wa miguu unaruhusiwa psi 8.5 hadi 15.6. Anayejaza mpira wa wavu kwa mazoea ya soka anaupa upepo mara mbili au zaidi. Mishono inavutika, mpira unakuwa kama yai, na mikono inavimba. Kompresa ya fundi pancha ni hatari zaidi. Tumia pampu ya mkono, lowanisha sindano kabla ya kuiingiza, na kama huna kipimo acha kusukuma wakati mpira bado unaingia kidogo ukiubonyeza kwa dole gumba.

Ya pili ni mateke. Mpira wa miguu una gramu 410 hadi 450 na umejengwa kwa viatu. Wa wavu haukujengwa hivyo. Siku moja ya kuupigia danadana inaweza kula maisha ya wiki kadhaa.

Ya tatu ni jua na maji. Upepo wa ndani hutanuka ukipata joto, kwa hiyo usiuache juani uwanjani au nyuma ya pikipiki. Wakati wa masika ufute tope kwa kitambaa chenye unyevu, uuanike kivulini, na usiukalie.

Timu iteue mtu mmoja wa kuutunza mpira, kuufuta na kuangalia upepo kabla ya kila mazoezi. Kazi hiyo haigharimu hata shilingi, na inaweza kuwavusha msimu mzima bila kurudi Kariakoo.