Kusoma Jiwe: Utangulizi wa Elimu ya Vito

Dada mmoja wa Marangu aliniletea pete yake ameifunga kwenye pindo la kanga, kama bibi zetu walivyofunga senti za sokoni. Alilegeza fundo kwa meno, akaiweka pete mezani, ndipo akasalimia.

"Shikamoo mwalimu. Nataka kuikuza."

"Marahaba, mwanangu. Kuikuza vipi?"

Mume wake aliinunua akiwa masomoni Marekani, kwenye duka linalouza kwa mtandao. Pete ya dhahabu, almasi ya nusu karati. Mwaka huu ndoa yao inatimiza miaka kumi, na duka lile lina ahadi kwa wateja wake: rudisha jiwe ulilonunua kwetu, tutakuhesabia bei yote uliyolipa, nawe utaongeza fedha uchukue jiwe la thamani kubwa zaidi. Alitaka kujua kama akubali.

Nilimwomba tuache bei kwanza tulitazame jiwe. Saa mbili zilipita bila sisi kuhisi. Nimefundisha elimu ya vito kwa miaka, na sijapata mlango mzuri wa kumwingizia mgeni kuliko swali lake. Ndani yake kuna mwanga na mizani, kuna jiolojia ya nchi yetu, na kuna biashara kati ya mtu wa mlimani na duka asilowahi kulikanyaga. Basi karibu, msomaji. Tuanze na pete hiyohiyo.

Nilipulizia jiwe pumzi. Ukungu ukatoka mara moja, kwa kuwa almasi hupitisha joto upesi kuliko karibu kila kitu tunachokijua. Kioo kingebaki na ukungu kwa muda. Hilo ni dokezo tu, halitoshi kuwa ushahidi, maana jiwe la moissanite hutengenezwa viwandani na hupitisha joto vizuri kiasi cha kuvidanganya baadhi ya vipimo vya mkononi. Nikampa lenzi inayokuza mara kumi. Aliishika mbali kama mtu anayesoma gazeti. Nikamwonyesha: ilete karibu kabisa na jicho, kisha lete jiwe kwenye lenzi, na usifumbe jicho la pili. Alinyamaza. Halafu akasema, "Kuna kijiti kidogo cheupe, hapa kwenye kucha ya dhahabu inayolishika jiwe." Alikuwa ameiona alama ya ndani ya jiwe kwa mara ya kwanza katika miaka kumi ya kulivaa. Tuligeuza pete ubavu, na kwenye mshipi wa jiwe, ule ukingo mwembamba unaotenga sehemu ya juu na ya chini, tukasoma nambari iliyoandikwa kwa leza, herufi ndogo kuliko unywele. Ililingana na nambari ya cheti chake. Hapo tukajua kwamba jiwe na karatasi vinaendana. Mtu anayetaka kurudisha almasi dukani aanze na nambari hiyo, kwa sababu duka nalo litaanza nayo.

Sasa karati. Neno hili limesafiri sana: Wagiriki walipima kwa punje ya mharuba, Waarabu wakasema qirat, nasi tukalipokea. Tangu mwaka 1907 karati moja imefungwa kwenye gramu 0.2, kwa hiyo gramu moja ni karati tano. Ni kipimo cha uzito. Wengi hulisikia kama kipimo cha ukubwa, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Almasi ya duara ya nusu karati, ikikatwa vizuri, ina kipenyo cha kama milimita 5.1. Ya karati moja ina kama 6.5. Uzito umekuwa maradufu, lakini uso unaoonekana kidoleni umepanuka kwa milimita moja na ushei, kwa sababu uzito unaongezeka pande zote tatu, na kina hakionekani mtu akikupa mkono.

Watu wa Kilimanjaro wana kipimo cha jambo hili majumbani mwao. Kahawa ya daraja la AA ni ile inayobaki juu ya chekeche namba 18, yenye matundu ya milimita saba na kidogo. Almasi ya karati moja ingepenya chekeche hilo ikadondoka. Ili ibaki juu, inabidi ifike karibu karati moja na theluthi. Dada yule amekulia kwenye kihamba cha kahawa na migomba; nilipomwambia hivyo alicheka, akaitazama pete yake upya. Na bei haipandi kwa ngazi sawa. Jiwe la karati moja halina bei ya mawili ya nusu karati, lina bei zaidi ya hapo, kwa kuwa mawe makubwa ni adimu na kwa kuwa watu wanapenda namba kamili. Jiwe la karati 0.95 na lile la 1.00 hutaweza kuyatofautisha kwa jicho, ila kwenye malipo utayatofautisha.

Tungekuwa tunahesabu uzito peke yake, elimu hii isingekuwa na utamu wowote. Utamu uko kwenye ukataji. Almasi hupinda mwanga zaidi kuliko maji na kioo, na mwanga ukishaingia, ukigonga ukuta wa ndani kwa mlalo unaozidi nyuzi 24 na nusu hivi, hautoki, unarudishwa ndani. Fundi mzuri hupanga nyuso za chini ili mwanga uingie kwa juu, ugonge upande mmoja, ugonge wa pili, kisha urudi juu kwenye jicho lako. Mtaalamu wa almasi, Marcel Tolkowsky, aliandika hesabu za jambo hilo mwaka 1919, na mafundi wa leo bado wanazunguka karibu na namba zake: nyuso za chini ziinamie kama nyuzi 41. Zikiinama zaidi, katikati ya jiwe panakuwa peusi. Zikilala mno, utaona duara la kijivu likikutazama kama jicho la samaki, nalo jiwe linaonekana limekufa. Ndiyo maana nimeona almasi ya karati moja na robo iliyofifia mbele ya jirani yake wa robo tatu. Fundi wa ile kubwa alikuwa ameacha nyama tumboni ili mizani ipande.

Tanzania ina mfano mkubwa wa uamuzi wa namna hiyo. Mwaka 1940 mwanajiolojia Mkanada, John Williamson, alipata chimbuko la almasi Mwadui, Shinyanga. Mwaka 1947 likatoka hapo jiwe la waridi la karati 54.5, akalitoa zawadi ya harusi kwa binti mfalme wa Uingereza, Elizabeth. Lilikatwa London. Lilipokamilika lilikuwa na karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaliweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Hesabu mwenyewe: zaidi ya nusu ya jiwe lile adimu ilisagwa ikawa vumbi ili kilichobaki kiwake. Ninawapa wanafunzi wangu namba hizo mbili, 54.5 na 23.6, siku ya kwanza, wakae nazo.

Watoto wa Moshi huniuliza mara kwa mara: mwalimu, Kilimanjaro ni volkano, mbona hatuna almasi? Ni swali zuri na halina jibu fupi. Almasi hukomaa kwenye kina cha kilomita 150 na zaidi, chini ya vipande vya bara vya kale sana vyenye mizizi minene na ya baridi. Kipande chetu cha namna hiyo kiko katikati na kaskazini magharibi mwa nchi, kina umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu, na Shinyanga imekaa juu yake. Huko zamani mwamba uitwao kimbalaiti uliruka kutoka kilindini kwa kasi na kubeba almasi njiani. Bomba la mwamba huo lililoko Mwadui lina uso wa hekta 146, moja ya makubwa kabisa yaliyowahi kuchimbwa duniani. Mlima wetu ni mtoto kwa kulinganisha. Vilele vyake, Shira, Mawenzi na Kibo, vilijengwa ndani ya miaka milioni mbili na nusu hivi iliyopita, nje ya kipande hicho cha kale, kwa moto uliotoka kwenye vina ambavyo almasi hazikai. Mlima ulitupa udongo wa kahawa. Almasi ziko kwa Wasukuma.

Nirudi kwenye cheti. Rangi ya almasi nyeupe huandikwa kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, mpaka Z, yenye umanjano unaoonekana wazi. Mpango huo ulitoka GIA, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1931, na haukuanzia A kwa sababu A zilikuwa zimeshachezewa na wauzaji wa zamani kila mmoja kivyake. Mpimaji hulaza jiwe kifudifudi kwenye kitu cheupe kando ya mawe ya mfano, akalinganisha. Ni kazi ileile ya waonja kahawa wetu mjini Moshi, wanaokwenda kikombe kwa kikombe, wanavuta, wanatema, wanaandika. Tangu chama cha ushirika cha KNCU kilipoundwa mwaka 1933 wakulima wa mlima huu wameuza kwa madaraja, na wanafahamu fika maana ya mtu mwingine kukadiria mali yako ambayo huwezi kuikadiria mwenyewe. Kwa hiyo sioni sababu ya mtu wa hapa kuogopa cheti cha almasi. Pete ya dada yule iliandikwa J. Kwenye dhahabu ya njano, herufi J inapendeza. Umanjano kidogo wa jiwe unapotelea kwenye umanjano wa kucha. Kulipia E au F kwenye pete hiyohiyo ni kununua kitu ambacho dhahabu itakificha.

Hapo ndipo tulipofika kwenye ahadi ya duka. Ahadi za aina hii ni za kweli, na zina thamani kwa sababu moja: almasi iliyovaliwa, ukiipeleka kwa mnunuzi wa kawaida, mara nyingi haitakurudishia hata nusu ya ulicholipa. Duka linalokuhesabia bei yote linakupa kitu ambacho soko halikupi. Sharti lake la kawaida ni kwamba jiwe jipya ligharimu angalau mara mbili ya la kwanza. Kama ulilipa dola 2,000 zamani, sasa unachagua la dola 4,000 na kuongeza 2,000. Fremu ya dhahabu, kazi ya sonara, usafirishaji na kodi kwa kawaida havimo kwenye hesabu. Jiwe lirudi bila kuchubuka, na cheti chake kiwepo. Mimi ninamwambia kila anayeniuliza aweke macho kwenye bei ya jiwe jipya. Bei ya zamani haibishaniwi, imo kwenye risiti. Ile mpya inapangwa na duka, nawe umeshafungwa kwao, kwa hiyo chukua vipimo vya jiwe wanalokupa, uzito, herufi, nyuzi, uvilinganishe na vya mawe ya namna hiyo kwa wauzaji wengine. Tofauti ikiwa kubwa, ujue zile dola 2,000 zako zimerudi kwao kwa mlango wa nyuma.

Halafu kuna forodha. Jiwe litakaloingia Tanzania ni jiwe jingine, hivyo huenda likatozwa ushuru, pamoja na VAT ya asilimia 18. Ongea na mamlaka ya mapato, TRA, na Tume ya Madini kuhusu kulitoa la zamani, kabla hujafunga kifurushi.

Jambo moja limebadilika tangu mume wake anunue. Kampuni ya General Electric ilitangaza almasi iliyotengenezwa na binadamu mwaka 1955, lakini ni katika miaka hii ya karibuni ambapo almasi za maabara zimejaa kwenye maduka ya vito na bei yake ikaporomoka. Ni almasi kamili, kaboni ileile, ugumu uleule, na lenzi yako ya mara kumi haitazitenga. Mashine za maabara zinazitenga. Sina ugomvi nazo. Ninachotaka ni mtu ajue anachokichukua, kwa kuwa ukiona jiwe la karati mbili kwa fedha uliyotarajia kulipia moja, huenda limekuzwa kwenye mtambo, na maduka mengi hayaliingizi kwenye ahadi ile ya kurudisha na kuongeza. Cheti kinasema. Kisome mpaka mstari wa mwisho.

Utajifunza pia vito vya jirani. Kutoka Moshi ukielekea Arusha, karibu na uwanja wa ndege wa KIA, kuna njia ya kushuka Mirerani, mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanite kibiashara tangu 1967. Kampuni ya vito ya Tiffany ndiyo iliyoipa jina hilo mwaka 1968. Wanaapolo, wachimbaji wa huko, huitoa ardhini mara nyingi ikiwa ya kahawia; huchomwa ndipo bluu ile ikajitokeza. Ukiizungusha inabadilika rangi kufuatana na upande. Ugumu wake ni kama 6 na nusu kwenye kipimo ambacho almasi ni 10, basi usiivae ukisugua masufuria, wala usimruhusu sonara kuiosha kwenye mashine ya mitetemo. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, kinachofundisha ukataji na utambuzi wa vito. Vijana wa Moshi wafike huko. Inaniuma kuona jiwe letu likivuka bahari ghafi na ujuzi wake ukirudi kwetu umefungwa kwenye cheti cha kigeni.

Dada yule hakuamua siku ile. Aliazima lenzi. Baada ya wiki mbili alinitumia picha ya ujumbe aliomwandikia muuzaji, amechagua jiwe la robo tatu ya karati, lililokatwa vizuri, herufi ya I, na anauliza: nyuso za chini zimeinama nyuzi ngapi, na je, mnaweza kunipigia picha ya mshipi, nambari isomeke?